Changu, Chako, Chake: Vimilikishi vya Kiitaliano kwa Ajuaye Kiswahili na Kiarabu

Mwaka huu katika ukurasa wetu wa lugha tumechagua somo linaloonekana dogo, lakini lenye mambo makubwa ndani yake. Ni somo la vimilikishi vya Kiitaliano, yaani maneno ya "changu", "chako", "chake", "chetu", "chenu" na "chao". Tutayaeleza kwa kuyalinganisha na lugha mbili ambazo nyote mnazo: Kiswahili mlichozaliwa nacho, na Kiarabu mnachokisoma hapa madrasa katika nahau.

Kabla hatujaingia ndani, tuchukue mfano. Kijana anafanya kazi hotelini. Siku moja kumetokea ubishi kuhusu mkoba, na kwa kuwa yeye anajua Kiitaliano kidogo, ameitwa afasiri maneno ya mgeni. Mgeni amesema:

"Ahmed ha preso la sua borsa."

Kijana anafasiri upesi: "Ahmed amechukua mkoba wake." Haya, mkoba wa nani? Ikiwa Ahmed amechukua mkoba wake mwenyewe, hana kosa lolote. Ikiwa amechukua mkoba wa yule bibi, hilo ni jambo jingine kabisa, na huenda likamfikisha pabaya. Neno ni moja, "sua", na heshima ya mtu imening'inia juu yake. Mfano huu tuuweke akilini. Tutaurudia baadaye, na kufikia hapo tutakuwa tumejua namna ya kuufungua.

KIITALIANO NA SISI

Huenda mmoja wenu akauliza: sisi na Kiitaliano wapi na wapi? Jibu ni kwamba lugha hii haiko mbali nasi. Kiitaliano ni lugha rasmi ya Italia na San Marino, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Uswisi. Lakini pia husikika Malindi na Watamu katika pwani ya Kenya, na huko Unguja husikika Nungwi na Kiwengwa, ambako wageni wa Kiitaliano wamekuwa wakija kwa miaka mingi. Karibu na Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini la kurushia satelaiti. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kaskazini zaidi, kusini mwa Somalia kulikuwa koloni la Italia, na baadaye Italia ikarudi kusimamia nchi hiyo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960. Kwa hivyo Barawa, mji wa watu wanaosema Chimwini, lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili, nao ulikuwa katika nchi ambayo Kiitaliano kilitumika maofisini na shuleni.

Basi tusikitazame Kiitaliano kama kitu cha ng'ambo tu. Tatizo ni kwamba wengi wetu hukiingia kwa mlango wa Kiingereza, kwa sababu vitabu vingi vya kujifunzia vimeandikwa kwa Kiingereza. Katika somo hili la vimilikishi, mlango huo ndio mbaya kuliko yote. Mlango mzuri ni wa Kiswahili, na ufunguo wake mnao mfukoni.

KANUNI YA KWANZA: KIMILIKISHI HUFUATA KITU

Tuanze na Kiswahili. Twasema "kitabu changu", "vitabu vyangu", "nyumba yangu", "gari langu", "ufunguo wangu", "funguo zangu". Mwenye vitu hivyo ni mmoja, mimi, lakini neno linabadilika kila mara: changu, vyangu, yangu, langu, wangu, zangu. Kwa nini? Kwa sababu mwanzo wa neno hufuata ngeli ya kitu kinachomilikiwa. Mwisho wa neno, "-angu", ndio unaomtaja mwenye kitu.

Kiitaliano hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Kiitaliano hakina ngeli nyingi kama zetu. Majina yake yote yamegawanyika katika jinsi mbili, ya kiume na ya kike, kama mudhakkar na muannath katika Kiarabu. Na kila jinsi ina umoja na wingi. Kwa hivyo kuna nafasi nne tu:

Kiume umoja: il mio libro (kitabu changu)
Kiume wingi: i miei libri (vitabu vyangu)
Kike umoja: la mia casa (nyumba yangu)
Kike wingi: le mie case (nyumba zangu)

Aliyeweza kupatanisha ngeli zote za Kiswahili tangu utotoni, bila ya kufundishwa na mtu, hawezi kushindwa na nafasi nne.

Sasa tutazame Kiarabu. Twasema "kitaabuhu" ikiwa mwenye kitabu ni mwanamume, na "kitaabuhaa" ikiwa ni mwanamke. Hapa dhamiri haijali kitabu ni mudhakkar au muannath. Inamtazama mwenye kitabu. Kiingereza nacho humtazama mwenyewe: kina neno moja kwa kitu cha mwanamume na jingine kwa kitu cha mwanamke.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwanafunzi anataka kusema "nyumba ya Ahmed", yaani "nyumba yake". Anawaza: Ahmed ni mwanamume, basi nitumie neno la kiume, anasema "il suo casa". Hilo ni kosa. "Casa" ni neno la kike, kwa hivyo ni "la sua casa", hata kama mwenye nyumba ni mwanamume mwenye ndevu. Vilevile kitabu cha Maria ni "il suo libro", kwa kuwa "libro" ni la kiume. Uanaume wa Ahmed na uanamke wa Maria hauonekani kabisa katika neno hili.

Shikeni basi kanuni ya kwanza: uliza kwanza jinsi ya kitu, usiulize jinsi ya mwenye kitu. Kwa maneno mengine, fikiri kwa Kiswahili. Unaposema "nyumba yake" hujali kama ni ya Ahmed au ya Maria. Unajali kwamba ni nyumba.

JEDWALI LA VIMILIKISHI

Haya ndiyo maumbo yote. Yasomeni kwa sauti mara kadhaa. Irabu za Kiitaliano husomwa karibu sawa na zetu, kwa hivyo hayatawasumbua.

-angu: il mio, la mia, i miei, le mie
-ako: il tuo, la tua, i tuoi, le tue
-ake: il suo, la sua, i suoi, le sue
-etu: il nostro, la nostra, i nostri, le nostre
-enu: il vostro, la vostra, i vostri, le vostre
-ao: il loro, la loro, i loro, le loro

Tazameni mambo mawili. La kwanza, katika wingi wa kiume kuna "miei", "tuoi" na "suoi". Maneno haya matatu hayafuati mkondo wa kawaida, hivyo lazima yahifadhiwe. La pili, "loro" halibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni neno dogo lililo mbele yake tu. Sababu yake ni ya kihistoria: "loro" limetokana na neno la Kilatini "illorum", lenye maana ya "ya wale". Kwa asili yake halikuwa kivumishi cha kufuata kitu kama wenzake, na hadi leo limebaki na tabia yake hiyo.

KANUNI YA PILI: KIBAINISHI HAKIANGUKI

Mmeona kwamba mbele ya kila kimilikishi kuna neno dogo: il, la, i, le. Hili ni neno la kubainisha, nasi tuliite kibainishi. Kazi yake inafanana na ile ya alif-lam katika Kiarabu: "libro" ni kitabu chochote, "il libro" ni kitabu kile kinachojulikana, kama "kitaab" na "al-kitaab".

Lakini hapa msomaji wa Kiarabu ajihadhari. Katika Kiarabu, jina likiunganishwa na dhamiri ya mwenyewe, alif-lam huondoka: twasema "kitaabii", wala hatusemi "al-kitaabii". Kiitaliano ni kinyume chake. Kibainishi kinabaki: "il mio libro". Ukisema "mio libro" katika sentensi ya kawaida umekosea. Kwa hivyo katika kanuni ya kwanza Kiswahili kimetusaidia, na katika hii ya pili lazima tujizuie na mazoea ya Kiarabu.

Jambo jingine: kibainishi hutazama neno linalokifuata moja kwa moja. Neno "zaino" (mkoba wa mgongoni) peke yake huchukua "lo": lo zaino. Lakini kikiingia kimilikishi katikati, kibainishi sasa kimekutana na "mio", na "mio" hutaka "il": il mio zaino. Ni hivyo hivyo "l'amico" (rafiki) huwa "il mio amico", na "gli amici" (marafiki) huwa "i miei amici".

Kibainishi cha kutobainisha nacho huweza kukaa hapo: "un mio amico" ni rafiki yangu mmoja, yaani mmoja kati ya wengi.

KANUNI YA TATU: JAMAA WANA NJIA YAO

Baada ya kusema kwamba kibainishi hakianguki, sasa tuseme mahali kinapoanguka. Huanguka kwa jamaa wa ukoo, wakiwa mmoja:

mio padre (baba yangu)
mia madre (mama yangu)
tuo fratello (ndugu yako wa kiume)
sua sorella (dada yake)
nostro zio (mjomba wetu, au ami yetu)
vostra nonna (nyanya yenu)

Hatusemi "il mio padre" wala "la mia madre". Jamaa hahitaji kubainishwa, anajulikana.

Lakini kibainishi hurudi katika hali hizi nne:

1. Jamaa wakiwa wengi: "mio fratello", lakini "i miei fratelli", "mia sorella", lakini "le mie sorelle".

2. Mwenyewe akiwa "loro": "il loro padre" (baba yao), "la loro madre" (mama yao). Loro, kama tulivyosema, lina tabia yake.

3. Jamaa akiongezewa sifa: "il mio fratello maggiore" (kaka yangu mkubwa).

4. Jina la jamaa likifanywa dogo kwa mapenzi: "la mia sorellina" (kidada changu), "il mio fratellino" (kijidugu changu). Kwa "mamma" na "papà" watu hutofautiana. Wapo wasemao "mia mamma" na wapo wasemao "la mia mamma".

Kuna nukta moja inayopendeza hapa. Mchumba ni "il mio fidanzato", pamoja na kibainishi, kwa sababu bado hajawa jamaa. Siku akishaoa huitwa "mio marito", mume wangu, na kibainishi kinaanguka. Vilevile "la mia fidanzata" akishaolewa huwa "mia moglie", mke wangu. Sarufi yenyewe inajua nani ameingia nyumbani na nani yuko bado mlangoni.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo. Kiswahili nacho kimewapa jamaa njia yao. Tunasema "kitabu chake" wala hatukifupishi, lakini kwa jamaa tunasema mkewe, mumeo, mwanangu, nduguye, babake, mamangu. Kimilikishi kimemwingia jamaa hata likawa neno moja. Tena neno "baba" ni la mtu, lakini hatusemi "baba wangu". Twasema "baba yangu", na wingi "baba zangu". Na huko Napoli, kusini mwa Italia, lahaja ya watu wa mji hufanya kama sisi: husema "fratemo" kwa ndugu yangu, na "mammeta" kwa mama yako. Kimilikishi kimegandishwa nyuma ya jina, kama vile "mamako". Ni lugha zisizo na nasaba ya karibu, lakini zimeona jambo moja: baba na mama si vitu vya kumilikiwa kama mkoba na kiatu.

SUO YA HESHIMA

Kiswahili kina "-ako" moja kwa mtoto na kwa mzee. Heshima tunaionyesha kwa shikamoo, kwa "bwana", "bibi", "mzee", na kwa namna ya kusema. Kiitaliano huionyesha ndani ya kimilikishi chenyewe.

Ukizungumza na rafiki yako au mtoto, utasema "tuo": "Dov'è il tuo passaporto?" yaani "Iko wapi pasipoti yako?" Lakini ukizungumza na mtu mzima usiyemjua, au mgeni, au mwalimu, unamwita "Lei", na vitu vyake vyote vinakuwa "suo": "Il Suo passaporto, signora." Katika barua baadhi ya watu huandika herufi kubwa, Suo na Sua, ili kuonyesha heshima. Katika kusema, sauti ni ile ile.

Kwa hivyo "la sua camera" huweza kuwa "chumba chake", na huweza kuwa "chumba chako, ewe bibi". Atakayemwambia mgeni mzee "la tua camera" ni kama aliyempita mzee barazani bila ya kumwamkia. Huenda asikemewe, lakini ameonekana.

TURUDI KWENYE MKOBA

Sasa tunaweza kurudi kwa yule kijana wa hotelini. "Ahmed ha preso la sua borsa." Kwa tuliyojifunza, tunajua kwamba "sua" ni ya kike kwa sababu ya "borsa" tu. Halituambii mwenye mkoba ni mwanamume au mwanamke. Kwa hivyo sentensi hii ina maana tatu:

1. Ahmed amechukua mkoba wake mwenyewe.
2. Ahmed amechukua mkoba wa mtu mwingine aliyekwisha kutajwa.
3. Ahmed amechukua mkoba wako, bwana au bibi (kwa heshima).

Kiswahili hakituokoi hapa, maana "mkoba wake" una maana mbili za kwanza vilevile. Kiarabu kinasaidia kidogo: "haqiibatahu" ni ya mwanamume na "haqiibatahaa" ni ya mwanamke, kwa hivyo tungejua kama mkoba ni wa bibi. Lakini hata Kiarabu, kama mwingine naye ni mwanamume, hakitatuambia ni Ahmed au ni yule mwenzake.

Waitaliano wenyewe wanalijua tatizo hili, na wanazo njia za kuliondoa:

Njia ya kwanza ni neno "proprio", lenye maana ya "-ake mwenyewe". "Ahmed ha preso la propria borsa": hapa hakuna shaka, mkoba ni wa Ahmed. Neno hili pia hutumika pamoja na "kila mmoja": "Ognuno ha il proprio libro", kila mmoja ana kitabu chake.

Njia ya pili ni kusema "di lui" (cha yeye mwanamume) au "di lei" (cha yeye mwanamke): "Ahmed ha preso la borsa di lei." Sasa tunajua mkoba ni wa mwanamke.

Njia ya tatu, nayo ndiyo salama kuliko zote, ni kumtaja mtu kwa jina: "la borsa di Maria", mkoba wa Maria.

Basi kijana yule alipaswa kufanya nini? Hakupaswa kukisia. Alipaswa kumuuliza mgeni: "La borsa di chi?" yaani "Mkoba wa nani?" Maneno manne tu. Mfasiri anayeona maana mbili akachagua moja kwa kukisia, hafasiri tena. Anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakuliona. Na hili si la Kiitaliano peke yake. Katika kila lugha mnayoisoma, mkikutana na "wake" msiyemjua ni nani, simameni muulize.

VIMILIKISHI VIKISIMAMA PEKE YAKE

Mpaka sasa tumeona kimilikishi kikifuatana na jina: il mio libro. Hicho ni kivumishi. Jina likiondoka, kimilikishi husimama mahali pake, nacho huwa kiwakilishi, kama katika Kiswahili tunavyosema "changu kimepotea". Maumbo ni yale yale ya jedwalini:

"Il mio libro è qui, il tuo è sul tavolo." (Kitabu changu kiko hapa, chako kiko mezani.)
"La nostra casa è piccola, la vostra è grande." (Nyumba yetu ni ndogo, yenu ni kubwa.)

Baada ya "è" (ni) kuna tofauti ndogo. "Questo libro è mio", bila kibainishi, maana yake kitabu hiki ni changu, ni mali yangu. "Questo libro è il mio", pamoja na kibainishi, hutumika vitabu vikiwa vingi na wewe unakitenga chako: hiki ndicho changu. Tazameni jinsi "ni" na "ndicho" za Kiswahili zinavyotufafanulia tofauti hiyo bila shida.

Tena, "i miei" peke yake huwa na maana ya wazazi wangu au watu wa nyumbani kwetu. Mwitaliano akikuambia "Vivo con i miei", anasema "Ninaishi na wazazi wangu".

MAHALI KIMILIKISHI HUJA NYUMA

Kwa kawaida kimilikishi cha Kiitaliano hutangulia jina, kinyume cha Kiswahili. Lakini yapo maneno ambayo kimilikishi huja nyuma kama chetu, na kibainishi huanguka:

a casa mia (nyumbani kwangu)
colpa mia (kosa langu)
amico mio! (rafiki yangu! kwa kuita)
mamma mia! (mama yangu! kwa mshangao)

Hayo yahifadhiwe kama yalivyo.

MAHALI KIMILIKISHI HAKIHITAJIKI

Tumalizie na jambo ambalo Mswahili analijua bila ya kujua kwamba analijua. Kichwa kikikuuma unasemaje? Husemi "kichwa changu kinauma". Unasema "kichwa kinaniuma". Mwenye kichwa ametajwa ndani ya kitenzi, kwa "-ni-", na kimilikishi hakina kazi. Waitaliano husema hivyo hivyo:

"Mi fa male la testa." (Kichwa kinaniuma.)
"Mi lavo le mani." (Nanawa mikono.)
"Si è rotto la gamba." (Amevunjika mguu.)

Anayefasiri kutoka Kiingereza ataweka kimilikishi kila mahali, "la mia testa", "le mie mani", na Mwitaliano atajua mara moja kwamba huyu amekuja kwa njia ya mbali. Anayefasiri kutoka Kiswahili atapatia.

Tena njia hii inaweza kutumika hata kwa ule mkoba. Ikiwa kweli mtu ameibiwa, Mswahili hasemi "ameiba mkoba wangu" tu. Husema "ameniibia mkoba". Mwitaliano husema "Mi ha rubato la borsa". Mwenye mali amejulikana, na "sua" haikuhitajika.

ZOEZI

Tafsirini kwa Kiitaliano bila ya kutazama majibu.

1. Kitabu chake (cha Maria)
2. Nyumba yake (ya Ahmed)
3. Rafiki zangu
4. Dada yetu
5. Dada zetu
6. Baba yao
7. Mkoba wangu wa mgongoni
8. Pasipoti yako, bibi (kwa heshima)
9. Funguo hizi ni zangu (ufunguo ni "la chiave", wingi "le chiavi", hizi ni "queste", ni, kwa wingi, ni "sono")
10. Ahmed amechukua mkoba wake mwenyewe

Majibu: 1. il suo libro. 2. la sua casa. 3. i miei amici. 4. nostra sorella. 5. le nostre sorelle. 6. il loro padre. 7. il mio zaino. 8. il Suo passaporto, signora. 9. Queste chiavi sono mie. 10. Ahmed ha preso la propria borsa.

Aliyepata nane au zaidi ameshika somo. Aliyekosea namba 1 na 2 arudie kanuni ya kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo nguzo. Aliyekosea namba 4, 5 na 6 arudie kanuni ya jamaa.

MWISHO

Ndugu wanafunzi, tumeona kwamba Kiswahili kilitupa kanuni ya kufuata kitu, njia ya jamaa, na namna ya kusema "kichwa kinaniuma". Kiarabu kilitupa mudhakkar na muannath, na alif-lam ya kulinganisha na kibainishi. Hatukuanza bila kitu. Mara nyingi tunaambiwa kwamba lugha za nyumbani na za chuoni hazina faida katika kujifunza lugha za ulimwengu, na baadhi yetu huamini. Jedwali lililo hapo juu ni jibu tosha kwa wasemao hivyo.

Na mkisahau yote mengine, msisahau swali lile dogo: "Di chi?", ya nani? Atakayelizoea swali hilo kabla ya kusema "yake" atakuwa mfasiri mwaminifu, na hatamtia mtu hatiani kwa neno asilolijua maana yake.